Mbege ya Moto yenye Viungo: Kuikagua, Kuiandaa na Kuinywa kwa Usalama Majira ya Baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua za masika zikiisha, miteremko ya Kilimanjaro huingia katika majira ya baridi. Mjini Moshi baridi hiyo huweza kuvumilika kwa sweta moja. Anayeishi Kibosho ya juu, Uru, Machame, Marangu au Mwika huamka na ukungu mlangoni na hulala chini ya blanketi mbili. Katika majira haya kikombe chochote cha moto hupata mnywaji: chai ya tangawizi, uji, supu, na kwa watu wazima wanaotumia kileo, mbege.

Somo hili linaeleza namna ya kuandaa mbege ya moto yenye viungo kwa matumizi ya nyumbani. Hata hivyo, hatutaanza na jiko. Tutaanza na pombe yenyewe, kwa kuwa viungo na moto vina tabia ya kuficha. Mnywaji wa mbege baridi hulindwa na pua na ulimi wake. Huitambua mbege iliyochacha kupita kiasi, iliyotiwa maji, au iliyoongezwa makali kwa pombe nyingine. Karafuu, tangawizi na asali zikishaingia katika sufuria, ulinzi huo huondoka. Harufu ya ukungu hugeuka kuwa harufu ya mdalasini, na ukali wa gongo hudhaniwa kuwa ukali wa tangawizi. Kwa hiyo mlaji anashauriwa kuikagua pombe ikiwa baridi, kabla haijatiwa kitu chochote, na aipashe akiwa amekwisha kuridhika nayo.

Tukiri pia kwamba kinywaji hiki si mapokeo ya wazee. Mbege kwa desturi hunywewa bila kupashwa na bila kiungo isipokuwa uchungu wa magome, na wako watakaoona kuitia karafuu ni kuiharibu. Maoni yao yana uzito. Lakini wazo la kupasha pombe ya nafaka wakati wa baridi si geni duniani. Nchini Poland bia hupashwa pamoja na asali, tangawizi na karafuu. Uingereza ya zamani ilikuwa na desturi kama hiyo. Mfano ulio karibu zaidi na sisi, ingawa uko mbali kwa safari, ni wa watu wa Limbu katika milima ya mashariki mwa Nepali. Wao huchachusha ulezi, nafaka ileile ya mbege, kisha humimina maji ya moto juu yake na kuunyonya kwa mrija. Kinywaji hicho huitwa tongba. Watu wa milima miwili isiyojuana wamefikia nafaka moja kwa ajili ya jioni zao za baridi.

Asili ya kinywaji na mahali inapoharibika

Jina mbege lenyewe, katika Kichagga, ni jina la ulezi, ijapokuwa sehemu kubwa ya kinywaji hutokana na ndizi. Ndizi huvundikwa mpaka ziive sawasawa, humenywa na kuchemshwa kwa muda mrefu, kisha huachwa zichachuke kwa siku kadhaa. Idadi ya siku hutegemea joto la mahali. Mapishi yaleyale huchukua muda mrefu zaidi huko juu mwezi Julai kuliko mjini mwezi Februari. Maji ya ndizi yakishachujwa, hupikwa uji wa kimea cha ulezi, ukatiwa magome ya msesewe ili kuleta uchungu, ukapozwa na kuchanganywa na yale maji ya ndizi. Mchanganyiko huo hunywewa baada ya muda mfupi, na haukai sana. Mbege ya leo ni tamu kiasi. Ya kesho ni kali. Ya kesho kutwa huelekea kuwa siki.

Kila hatua kati ya hizo ina mahali pake pa kuharibika, lakini si zote zenye hatari sawa. Uchachu wa mbege wenyewe ni kinga ya kiasi fulani, kwa kuwa vijidudu vingi vya maradhi havistawi katika kinywaji kikali. Hatari kubwa huja baadaye. Muuzaji aliyepungukiwa huongeza maji katika pipa lililokwisha kuiva, na maji hayo mara nyingi ni ya mfereji, ya mtaro au ya kisima, yasiyochemshwa. Uchachu hupungua, vijidudu hupata nafasi, na mnywaji hulipia maji kwa bei ya pombe. Ndiyo maana, palipo na mlipuko wa kipindupindu, uuzaji wa pombe za kienyeji mara nyingi huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kusimamishwa na mamlaka za afya.

Kimea kinahitaji maneno zaidi. Ili ulezi uote, hulowekwa, hufunikwa ukiwa na unyevu, kisha hukaushwa. Wakati wa masika na siku za ukungu jua halitoshi, na ulezi hubaki na unyevu siku nyingi. Hapo huota pia kisichotakiwa, yaani ukungu wa kijani, mweusi au wa rangi ya waridi. Baadhi ya ukungu huo hutengeneza sumukuvu. Nchi yetu imekwisha kuona madhara yake. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, ambayo hushambulia ini. Mlaji azingatie kwamba sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Ukungu wenyewe utakufa katika sufuria, lakini sumu uliyoiacha itabaki. Kimea chenye harufu ya ukungu hakirekebishiki kwa kuoshwa, kukaangwa wala kuchanganywa na kimea kizuri. Kitupwe, wala kisipewe kuku. Anayeandaa kimea chake mwenyewe akianike juu ya turubai au jamvi safi lililoinuliwa kutoka ardhini, na siku za mvua akikaushe juu ya dari la jiko kuliko kukiacha kikingoja jua.

Kuhusu msesewe, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra, jambo moja halijulikani vya kutosha majumbani. Mti huu ni wa jamii ya mmea wa India ambao mwaka 1952 wanasayansi walitenga ndani yake kemikali iitwayo reserpini, iliyokuja kutumika kama dawa ya kushusha shinikizo la damu. Gome la msesewe lina kemikali za jamii hiyo. Kipande kidogo ni kiungo, na konzi kubwa ni dawa isiyopimwa. Mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu au za moyo amweleze daktari wake kwamba hunywa mbege, badala ya kusema tu kwamba hunywa pombe.

Kuikagua mbege unayoinunua

Wengi hawapiki mbege wenyewe. Huinunua kilabuni au kwa mpishi wa jirani na kuipeleka nyumbani katika dumu. Ukaguzi ufuatao hauhitaji kifaa chochote, bali subira ya dakika chache na ujasiri wa kuuliza.

Mimina kiasi kidogo katika kikombe cheupe au bilauri. Mbege nzuri ina rangi ya udongo wa kahawia inayoelekea hudhurungi, ni nzito, na chembechembe za ulezi huelea kisha hutua polepole. Ikitengana mapema, maji yakibaki juu na machicha chini ndani ya muda mfupi, kuna uwezekano kwamba imeongezwa maji. Inuse. Harufu ya ndizi mbivu, ya mkate na ya uchachu ni ya kawaida. Harufu ya ukungu, ya mafuta ya taa, ya rangi au ya spiriti si ya kawaida, na haihitaji mjadala. Onja kidogo. Uchungu wa msesewe hukaa nyuma ya ulimi na uchachu hukaa pembeni. Ukisikia moto unaochoma koo katika kinywaji ambacho kwa asili ni chepesi, hapo kuna kitu kilichoongezwa.

Kitu hicho kwa kawaida ni gongo, pombe ya kukenekwa. Katika sheria zetu tangu mwaka 1966 gongo huitwa moshi, jina linalomchanganya kila mgeni anayefika katika mji wetu. Kuitengeneza bila kibali ni kosa, na kwa sababu hiyo hufanywa mafichoni, mahali ambapo hakuna anayekagua vyombo wala viambato. Mbege iliyopikwa vizuri huwa na methanoli kidogo mno itokanayo na ndizi, kiasi ambacho mwili hukimudu. Pombe inapokenekwa ovyo, au, vibaya zaidi, inapoongezwa spiriti ya viwandani, methanoli huweza kufikia kiwango cha kuua. Nchini Kenya, mnamo Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walifariki katika vitongoji maskini vya Nairobi kutokana na pombe ya aina hiyo. Mwezi Mei 2014 msiba huo ulirudi, safari hii ukiwa umetapakaa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Miongoni mwa walionusurika wapo waliobaki vipofu, kwa kuwa mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho.

Hapa ndipo kinywaji cha moto kinapoleta udanganyifu wake mbaya kuliko wote. Wapo wanaoamini kwamba, kwa kuwa methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 za Selsiasi na pombe ya kawaida kwenye nyuzi 78, kupasha kutaitoa methanoli na kuiacha pombe salama. Sivyo. Ndani ya sufuria vimiminika hivyo viwili na maji huwa vimechanganyika, huondoka kwa pamoja, na methanoli ya kutosha kudhuru hubaki. Kipimo cha kuwasha kiberiti na kutazama rangi ya mwali nacho hakiaminiki. Hakuna njia ya jikoni ya kuigundua methanoli wala ya kuiondoa.

Dalili zake huchelewa, na huko kuchelewa ndiko kunakowaua wengi. Mnywaji hulewa kama kawaida, hulala, na baada ya saa 12 hadi 24 huanza kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, kupumua kwa haraka, na kuona kama yuko ndani ya ukungu mweupe. Familia hudhani ni uchovu wa ulevi na kumwacha alale. Mtu mwenye kuona giza au ukungu machoni baada ya kunywa pombe apelekwe hospitali usiku huohuo. Kwa wakazi wa Moshi, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mawenzi au KCMC. Abebwe pamoja na mabaki ya kinywaji, ili daktari ajue anatibu nini. Waliokunywa naye watafutwe hata kama hawajisikii vibaya.

Baada ya pombe, tazama chombo. Katika vihamba vyetu mgomba na mkahawa huishi pamoja, na kwa hiyo madumu ya mbege na madumu ya dawa za kahawa huishi katika banda moja. Chombo kilichowahi kuwa na mrututu, dawa ya wadudu, rangi au mafuta ya mashine hakifai kwa kinywaji, hata kikisuguliwa kwa majivu mara kumi. Ndoo na mapipa ya bati lenye zinki hayafai pia, ingawa hayajawahi kutiwa sumu yoyote. Uchachu wa mbege huimenya zinki na kuiingiza katika kinywaji, na mnywaji hupata kichefuchefu na kutapika. Pipa la mbao, chombo cha udongo, sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula ndivyo vyombo vya kuaminika. Usikaze kifuniko cha dumu wakati wa kuisafirisha. Mbege huendelea kuchachuka njiani na gesi yake huweza kulipasua dumu. Walioketi karibu nalo katika daladala hawana kosa.

Ukinunua kwa lita, pima kwa chombo chenye alama, na subiri povu litue kabla ya kulipa. Usimamizi wa vipimo katika biashara ni kazi ya Wakala wa Vipimo, na muuzaji mwaminifu hatachukia kuulizwa. Usalama na ubora wa vyakula na vinywaji, tangu Julai 2019, uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Kwa pombe ya kilabuni, hata hivyo, mtu wa kwanza wa kumwendea ni bwana afya au bibi afya wa kata yako, ambaye huweza kufika siku hiyohiyo pipa likiwa bado lina kitu ndani yake. Malalamiko yanayoletwa baada ya wiki mbili hayana cha kupimwa.

Kuiandaa

Kwa watu wazima wanne, chukua lita mbili za mbege ya siku hiyo, ambayo umekwisha kuikagua. Mbege ya jana iliyochacha haitafaa, kwa maana moto huongeza ukali wa siki, na sukari utakayotia kuufunika itakuwa nyingi kuliko inavyostahili.

Viungo ni hivi: tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, kijiti kimoja cha mdalasini chenye urefu wa kidole, karafuu nne, punje nne za iliki zilizopondwa kidogo, na vijiko vitatu vikubwa vya asali au sukari. Tangawizi hulimwa katika mkoa wetu wenyewe, huko Same milimani, na karafuu hutoka Pemba na Unguja. Nunua viungo vizima kila inapowezekana. Ni vigumu kughushi karafuu yenye kichwa chake, lakini unga wa viungo huweza kuongezwa pumba au unga mwingine bila jicho kugundua. Anayependa pilipili manga aweke punje tatu au nne. Tusingeshauri zaidi ya hapo, kwa kuwa msesewe tayari umekwisha kuleta uchungu wake.

Kosa la kawaida ni kutupa viungo ndani ya mbege na kuchemsha vyote pamoja. Matokeo yake ni uji mzito ulioungua chini, wenye povu linalofurika jikoni, na pombe yake imeondoka na mvuke. Njia bora ni kuvitenga. Kwanza, chemsha viungo peke yake katika vikombe viwili vya maji safi kwa dakika kumi, mpaka maji yabaki kama kikombe kimoja na kuwa na rangi ya chai. Chuja, kisha koroga asali ndani yake. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Tofauti hiyo haizuii kuua vijidudu, ila viungo vitahitaji dakika chache zaidi kutoa nguvu yake kuliko kwa mpishi wa Tanga au Dar es Salaam.

Pili, chuja mbege kwa chujio la wavu mpana ili kuondoa machicha makubwa, uimimine katika sufuria nzito, na uiweke juu ya moto mdogo. Koroga kwa mwiko bila kuacha, ukigusa chini ya sufuria, kwa maana wanga wa ulezi hutua na kushika. Mvuke ukianza kupanda na vipovu vidogo kuonekana pembeni, toa sufuria motoni. Isichemke. Mwenye kipimajoto alenge nyuzi 60 hadi 65. Itakuwa imekuwa nzito kidogo kuliko ilipokuwa baridi, na hiyo ni tabia ya ulezi, si dalili ya ubovu. Mwisho, mimina maji ya viungo, koroga, onja, na ongeza asali kama inahitajika.

Maji ya viungo, kwa njia hii, huongezwa yakiwa yamechemshwa. Kama utaona kinywaji ni kizito mno, punguza uzito wake kwa maji yaliyochemka vilevile, kamwe si kwa maji ya ndoo.

Gawa katika vikombe vya udongo, vya kauri au vya bati lililopakwa enameli. Kibuyu kimoja kinachozunguka ni alama ya heshima na undugu, na kwenye sherehe za ukoo hatudhani kijitabu hiki kitakibadilisha. Nyumbani, wakati wa mafua na kikohozi cha Julai, kila mtu na kikombe chake. Usimimine kinywaji cha moto katika chupa za plastiki za maji. Hazikutengenezwa kwa joto hilo.

Wasiotumia kileo, pamoja na watoto, hawapaswi kubaki wakitazama. Maji yaleyale ya viungo, yakitiwa katika uji mwepesi wa ulezi ambao haujachachushwa, hutoa kinywaji kizuri, na baadhi yetu tunakipenda kuliko cha kwanza. Mbege yenyewe wasipewe watoto hata kwa kuonja, kwa sababu kuipasha hakuitoi pombe yake yote, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kileo. Mama mjamzito naye achukue kikombe cha uji. Hali kadhalika anayetumia dawa za kifua kikuu, ambazo tayari huipa ini kazi kubwa.

Joto la kweli na joto la uongo

Anayekunywa pombe kwenye baridi husikia mwili ukipata moto. Kinachotokea ni kwamba pombe hufungua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu yenye joto hutoka ndani ya mwili na kuja juu, ngozi hupata joto, na kutoka hapo joto hilo hupotea hewani. Mtu hujihisi vizuri huku kiini cha mwili wake kikipoa, na uwezo wake wa kutetemeka na wa kutambua hatari ukipungua. Kwa mtu aliyeketi nyumbani karibu na jiko jambo hili si kubwa. Kwa mtu anayepanda kwa miguu kutoka kilabuni saa tano za usiku, ukungu ukiwa umeshuka na nguo zimelowa, huweza kuwa jambo la kufa na kupona. Anayekwenda safari asinywe ili apate joto. Avae koti, anywe uji au chai, na mbege aiache mpaka afike. Mlevi aliyelala kando ya njia wakati wa baridi aamshwe na kupelekwa ndani, hata kama ni mtu wa kero.

Utamu nao una udanganyifu wake. Asali na viungo huondoa ule uchungu unaomfanya mnywaji wa mbege anywe polepole. Lita mbili zilizogawanywa kwa watu wanne ni nusu lita kwa kila mmoja. Kipimo hicho kihesabiwe kabla ya kupasha, wala sufuria isijazwe tena kwa kuwa tu jiko bado lina moto.

Na jiko hilo ndilo linalotutia wasiwasi kuliko yote yaliyotangulia. Katika nyumba za milimani, jiko la mkaa lililotumika kupasha kinywaji huachwa ndani ili lipashe na chumba. Madirisha hufungwa kuzuia baridi, watu hulala, na waliokunywa hulala usingizi mzito zaidi. Mkaa unaowaka katika hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi, isiyo na harufu na isiyowasha macho. Kukosekana kwa moshi si dalili ya usalama. Mkaa uliokolea bila moshi hata kidogo huendelea kuitoa. Gesi hiyo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, uzito wa viungo na kichefuchefu, yaani zilezile za mtu aliyezidiwa na pombe. Kwa hiyo aliye katika hatari na anayemtazama wote huweza kudhani ni mbege.

Jiko la mkaa litolewe nje kabla ya mtu wa kwanza kwenda kulala, na kazi hiyo apewe mtu mmoja kwa jina, ambaye hatakunywa jioni hiyo. Kulifunika jiko kwa majivu na kuliacha ndani hakutoshi. Wakati wa kupasha, dirisha moja na mlango viwe wazi hata kama baridi inaingia. Ikiwa watu wawili au zaidi walio katika chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, hasa ikiwa mmoja wao ni mtoto au mtu ambaye hakunywa, watolewe wote nje kwenye hewa safi mara moja, na msaada wa hospitali utafutwe.

Kinywaji kilichobaki katika sufuria hakifai kuwekwa katika chupa ya chai mpaka asubuhi, wala kupashwa mara ya pili. Joto la vuguvugu ndilo linalopendwa na vijidudu, na utamu uliouongeza huwapa chakula. Pika kiasi kitakachokwisha. Machicha yaliyochujwa kutoka katika mbege nzuri huweza kupewa nguruwe au ng'ombe kwa kiasi kidogo, yakiwa mabichi na siku hiyohiyo. Makapi ya tangawizi na mdalasini yatupwe kwenye shina la mgomba.